Bendera Nyekundu ya Afande Ojok

Nimestaafu mwezi uliopita. Walinikatia keki, wakaninywesha soda, mkubwa mmoja akasoma hotuba ambayo jina langu alilikosea kila alipolitaja, tukapiga picha. Nilipokuwa natoka getini, vijana wa chama chetu cha waamuzi wa riadha wakanifuata. Mzee Musa, wakasema, wewe ulikuwepo tangu mistari inachorwa kwa chokaa, andika tusome. Nikawaambia mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe tuliachana kabla ya mtihani. Wakasema andika hivyo hivyo.

Basi naandika, na naandika kwa Kiswahili. Nimezaliwa kambi ya polisi hapa Kampala, baba yangu konstebo, na kambini Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombania foleni ya maji. Watu wa mjini wanasema ni lugha ya askari na wezi. Sawa. Nimekula kwa lugha hiyo, nimejenga nyumba yangu Kisugu kwa lugha hiyo, na waamuzi wenzangu wa Kenya, Kongo na Tanzania wataisoma bila mkalimani.

Habari za vyeo msizitafute hapa. Anayetaka kujua nilipanda lini na nani alinipandisha aende ofisini, faili lipo kama panya hawajalimaliza. Mshahara nao tuuache, nisije nikawaharibia siku. Nitawaambia kazi ilivyokuwa, halafu nitawaambia jambo moja nililoliona uwanjani, ambalo mpaka leo nikilikumbuka naweka chini kikombe cha chai.

Kazi niliianza kwa kufyeka. Uwanja wa kambi ulikuwa majani matupu, na mimi nilikuwa kijana mwenye panga na njaa. Aliyesimamia michezo ya kambi alikuwa Afande Ojok, sajini, mtu wa kaskazini, mrefu, kofia yake haikuwahi kukaa upande. Siku ya kwanza alinipa ndoo ya chokaa, uzi wa fundi mwashi na vigingi, akaniambia chora uwanja wa kukimbilia. Nikachora. Niliuona mzuri. Afande akaja, akatazama. Akaniambia nivue viatu nikimbie juu ya mistari yangu mwenyewe, nikimaliza nimwambie ni kona ipi imenidanganya.

Ilikuwa ya tatu. Ukiingia nayo inakusukuma nje kama ng'ombe anayekukataa mlangoni. Akaniambia niifute kwa nyayo zangu, nichore tena. Niliifuta na kuichora mpaka miguu ikawa myeupe kama ya mzungu. Hapo ndipo aliponieleza kwa nini. "Mstari ukipinda," akasema, "wewe unakwenda kulala. Anayeulipia ni yule anayekimbia."

Ndiye aliyenifundisha yote. Alinifundisha kuhesabu mizunguko kwa punje za kahawa, unazitoa mfuko huu unazitia mfuko huu, kila mkimbiaji wako anapopita. Wenye kalamu walinicheka. Wacheke tu, mpaka nastaafu mfuko wangu wa kulia ulinukia kahawa. Alinifundisha kupiga kengele ya mzunguko wa mwisho, ambayo siku hizo ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye nguzo. Ukiigonga katikati inalia kama sufuria, ukiigonga pembeni inasikika mtaa wa tatu. Na alinifundisha kuwafukuza karoli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokula takataka za mji huu. Karoli haogopi jiwe. Haogopi kelele. Afande aliwatembelea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kudai kodi, nao wakaondoka. Mimi nilijaribu mwendo huo miaka mingi. Kwangu walikuwa wanasogea hatua moja tu, kwa heshima.

Sasa kuna jambo la Afande ambalo lazima mlijue, maana hadithi yote imekaa juu yake. Alikuwa na bendera nyekundu, kitambaa kidogo kwenye kijiti, na alikuwa na desturi. Katika mbio ndefu, yule aliyeachwa nyuma mpaka wa kwanza akamzunguka, Afande alimtoa. Anakwenda ukingoni, anainua bendera, anasema, "Toka, mwanangu, inatosha." Kisha anamshika mkono, anamkalisha kwenye majani, anampa maji kwa kikombe chake mwenyewe cha bati.

Wengine walisema ni ukali. Mimi niliyekaa naye nasema ilikuwa huruma yake. Zamani kambini watu walikuwa wanamcheka aliyebaki peke yake, wanamwimbia, wanamrushia maganda ya machungwa. Afande aliniambia hakuna adhabu mbaya kama kumwacha mtu akimbie peke yake mbele ya watu walioshiba. Na tena mashindano yalikuwa mengi na jua lilikuwa linazama. Basi ikawa sheria ya nchi bila kuandikwa popote. Mashuleni, kambini, wilayani, kila mtoto wa Uganda aliyekimbia mbio ndefu alikua akijua kwamba ikiinuliwa nyekundu mbele yake, anatoka. Hakuna aliyebisha. Utabishana vipi na mzee anayekupa maji.

Miaka ikaenda. Njia ya kukimbilia ikatandikwa mpira, chokaa ikafa, rimu ya lori ikabadilishwa na kengele ya shaba inayong'aa. Afande alistaafu polisi lakini uwanjani hakustaafu. Alikuwa anatoka kwake Kawempe kwa bodaboda, amenyooka nyuma ya dereva kama anakagua gwaride. Alikuwa msimamizi wa kona ya upande wa pili. Mimi nilikuwa mtu wa kibao cha mizunguko pale kwenye mstari wa mwisho. Kibao kinaonyesha imebaki mizunguko mingapi, na kinamfuata anayeongoza. Akipita anayeongoza, unageuza namba. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Ndipo tukaletewa mashindano ya vijana ya kimataifa. Nchi nyingi, bendera nyingi, barabara ya kwenda uwanjani ikazibwa mashimo ambayo tulishayazoea mpaka tumeyapa majina. Asubuhi ya siku ya kwanza waamuzi wote tuliitwa kikaoni. Mwamuzi mkuu alikuwa mama mmoja Mtanzania, Mama Neema, sauti ya chini, macho hayalali. Akasema mambo mengi, na moja alilisema mara mbili: hapa hakuna kumtoa mtu kwa sababu amezungukwa. Kila kijana anamaliza, hata akiwa wa mwisho. Nilimtazama Afande. Alitikisa kichwa kukubali. Alisikia. Nilikuwa nimekaa karibu naye, najua alisikia.

Mbio ninazozisema ni za mita elfu kumi, wanaume vijana. Sisi tulikuwa na wawili. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kule Kapchorwa mlimani, anaitwa Soyekwo. Mwembamba, mpole, mtu ambaye ukimpita anakuamkia hata kama ulishampita. Asubuhi ile alikuwa amekuja kuniuliza, kwa adabu zote, kama anaruhusiwa kukanyaga ule mpira kabla ya mbio au ni mpaka aitwe.

Bunduki ilipolia walikwenda taratibu kidogo, wakipimana. Halafu Soyekwo akaondoka. Hakuondoka kama watu wanavyoondoka, kwa hesabu. Alikimbia kama mtu aliyenyakua simu sokoni. Jukwaani watu wakacheka. Wakenya, ambao mbio ni kazi yao, hawakumfuata. Walimwacha wakijua atakatika. Na mimi nilijua atakatika. Namba nikawa nageuza kwa ajili yake, yeye yuko peke yake, kundi liko nyuma, na kila alipopita nikawa natafuta dalili ya kukatika kwake. Sikuiona. Alikuwa anaongeza.

Katikati ya mbio mvua ikaja. Mvua ya Kampala mnaijua, haibishi hodi. Karatasi za namba vifuani zikalowa, zikakunjamana, nyingine zikadondoka. Mwenzake Soyekwo wa timu, jezi ile ile, umbo lile lile, kichomi kilimshika, akatoka mwenyewe pale mbele yangu, akafunikwa blanketi akapelekwa chini ya jukwaa. Afande alikuwa upande wa pili wa uwanja, nyuma ya pazia la maji. Hilo hakuliona.

Wakati huo kundi lilikuwa limeachwa zaidi ya nusu ya mzunguko. Ikabaki mizunguko minne. Ndivyo kibao changu kilivyosema. Soyekwo alipita mbele yangu, nikageuza, akaingia kona, akaelekea upande wa pili. Kule mbele yake kulikuwa na vijana wawili wa nchi za visiwani, visiwa vya mbali, wa mwisho kabisa, wanakimbia bega kwa bega. Akawafikia. Walikuwa wameziba njia, basi akakaa nyuma yao kidogo akingojea kona iwafungue.

Nikaweka mkono juu ya namba inayofuata, nikangojea.

Wale wawili wa visiwani wakaja. Wakapita. Nikatazama nyuma yao kumtafuta kijana wangu. Hakuna mtu. Njia nyeupe ya maji, hakuna mtu. Nikafikiri macho yangu yamezeeka. Nikafuta uso. Nikatazama tena. Mbali, upande wa pili, nikaona kundi ndiyo kwanza linatokea konani, Mkenya mmoja, Kibor, yuko mbele, na mwenzangu wa kengele akaniambia geuza, Mzee Musa, anayeongoza anakuja. Mkono haukwenda. Nilishika kipande kile cha namba kama mtu aliyeshika mpini wa mlango wa nyumba asiyoijua.

Kelele zikaanza jukwaani, na mjue zilianzia wapi. Zilianzia kwa Wakenya. Wapo wengi mjini hapa, wenye maduka na wenye ajira, na siku ile walikuja na ngoma. Jirani yangu wa Kisugu, Baba Akinyi, muuza vyuma, alikuwa mbele kabisa, shati limemganda mwilini. Kijana wao ndiye sasa alikuwa anapata faida, lakini wao ndio waliosimama juu ya viti wakipiga kelele na kuonyesha vidole upande wa pili. "Musa," Baba Akinyi akaniita, na kwa sauti yake nilijua si utani, "wamemtoa wa kwanza. Nyinyi watu mna wazimu? Wamemtoa wa kwanza."

Nikatazama alikoonyesha. Soyekwo alikuwa amekaa kwenye majani, upande wa ndani. Anakunywa maji. Kwenye kikombe cha bati.

Mtu wa kibao haachi kibao. Nimewafundisha wengi hivyo. Mimi nilimtupia mwenzangu zile namba nikakata uwanja katikati, magoti yangu haya haya, nikiteleza kwenye majani. Njiani nikawa najiambia kuna jambo sijalielewa, kijana ameumia, amevunjika mguu, ameanguka. Nilikuwa naomba awe ameumia. Fikirini mnajikuta mnaombea hilo.

Afande aliponiona aliniuliza kwa ukali kibao nimemwachia nani.

"Afande, umemtoa anayeongoza."

"Wa mwisho," akasema. "Wako watatu. Wale wawili wamekataa kutoka, hawana adabu."

"Wale wawili ni wa mwisho. Huyu ni Soyekwo."

"Huyu ni mwenzake."

"Mwenzake alishatoka upande wetu, amevaa blanketi."

Afande akageuka kumtazama kijana. Mnapaswa kuelewa, wale wa visiwani hawakujua Kiswahili wala hawakuijua bendera ile. Walimwona mzee amesimama na kitambaa kwenye mvua, wakapita zao. Katika watu wote waliokuwa wanakimbia, aliyekuwa anajua nyekundu ile ina maana gani alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Soyekwo alipoona tunamtazama akainuka. Njumu moja alikuwa ameshaivua, soksi imelowa. Akamrudishia Afande kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru. Kundi likapita nyuma yetu, maji yakaturukia miguuni.

Nikamwambia arudi haraka, yeye ndiye anayeongoza.

"Mzee amesema nitoke," akasema.

"Wewe hukujua unaongoza?"

"Nilijua."

"Sasa ukatoka kwa nini?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyefahamu mambo. "Mzee amesema nitoke."

Nimeona watu wakianguka na kufa jua linawaka. Nimeona mkuki ukitua mahali ambapo mwamuzi alikuwa amesimama muda mfupi tu kabla. Hayo yote niliyamaliza mwenyewe. Hili lilinishinda. Nilimgeukia Afande, kwa sababu kijana naye alikuwa amemgeukia Afande, na sote wawili tukawa tunangojea mdomo ule ufunguke.  

"Rudi," Afande akasema.

Kijana akainama kuvaa njumu, kamba ilikuwa imejifunga fundo kwa maji, vidole vimekufa baridi. Akaivuta, akaivuta tena, akaiacha. Akarudi palepale alipotokea, hatua haikuzidi wala kupungua, akaingia na njumu mguu mmoja na soksi mguu mwingine.

Nilirudi kwenye kibao changu, nikageuza namba za mizunguko iliyobaki. Aliwapita mmoja mmoja. Ngoma ya Wakenya ikawa inampigia yeye. Kwenye kengele walikuwa wamebaki wawili mbele yake, na kabla ya kona ya mwisho akabaki mmoja, Kibor, na Kibor hakufikika. Soyekwo alimaliza wa pili. Soksi ilikuwa nyekundu. Upande wa pili, kwenye mvua, Afande alikuwa bado amesimama, bendera mkono mmoja, njumu ya kijana mkono mwingine, na wale wa visiwani wakampita tena bila kumtazama.

Nilidhani mshituko umeisha. Kumbe ule ulikuwa wa kwanza.

Timu ya mshindi wa nne ikapeleka malalamiko. Walikuwa na haki. Kanuni inasema mkimbiaji akitoka njiani kwa hiari yake, harudi. Lakini kama ametolewa na mwamuzi kwa kosa, mwamuzi mkuu anaweza kumhesabia. Kwa hiyo nishani ya kijana ikawa inategemea swali moja tu: alitoka mwenyewe au alitolewa?

Tukaitwa chumba cha waamuzi chini ya jukwaa. Mlangoni nikashikwa mkono na bwana mmoja wa kamati yetu ya wenyeji, suti ya bluu, haijalowa hata tone. Akanivuta pembeni. Akasema tumealika mataifa ya watu, na ikitoka nje kwamba sisi wenyewe ndio tuliomtoa kijana wetu akiwa anaongoza, tutachekwa kuanzia hapa mpaka Cairo. Akasema itasemwa ni tumbo. Tumbo ni jambo la kawaida.

Nikamwuliza tumbo la nani.

"La kijana," akasema. "Sikumfundisha mimi, Mzee. Mwenyewe ndiye kasema."

Sikumwamini. Nikaingia.

Mama Neema alikuwa amekaa mezani. Afande kwenye benchi la pembeni, kofia mapajani, mara ya kwanza naona kichwa chake kikiwa wazi. Njumu iko juu ya kofia. Soyekwo amesimama katikati, mguu mmoja umefungwa bandeji. Mama Neema akamwuliza kwa upole ilikuwaje.

"Tumbo, Mama. Lilinishika nikatoka mwenyewe."

"Hakuna aliyekutoa?"

"Hakuna."

"Unajua ukisema hivyo unapoteza nafasi yako?"

"Najua, Mama."

Nilimtazama yule wa suti. Alikuwa anatazama dari. Wakubwa watatu wazima mle ndani wanajua ukweli, wamenyamaza, na mtoto amesimama na bandeji anajifukuza mwenyewe kwenye mbio alizozikimbia kwa soksi. Nikafungua mdomo. Kabla neno halijatoka Afande akasimama.

"Anasema uongo," akasema. "Nilimtoa mimi."

Mama Neema akamwuliza kama asubuhi kikaoni hakusikia kwamba hakuna kumtoa mtu.

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini?"

Afande akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kama fundi anayetazama chombo kilichomharibikia. "Umezoea," akasema. "Miaka yote hii umezoea. Niliwaona watatu wamelowa nikawahurumia, mkono ukainuka."

Mama Neema akamgeukia tena kijana. Akamwambia, umesikia alivyosema mzee, je ni kweli?

"Ni tumbo, Mama," Soyekwo akasema. Machozi yalikuwa yanashuka, lakini sauti haikuyumba. "Kwetu mtoto hamtaji mtu mzima mbele ya watu."

Na hapo ndipo nilipokaa chini, bila kiti, juu ya kreti la soda. Nchi nzima ingemtaka kijana huyu ajitetee, na yeye anapigana vita kubwa kuliko ile ya uwanjani ili asijitetee. Mama Neema aliweka kalamu mezani. Akasema hawezi kuamua hivi, mwamuzi anasema hivi na mkimbiaji anasema vile, na mkimbiaji ndiye anayejua miguu yake. Bwana wa suti akapumua. Nikajua imekwisha.

Afande akavaa kofia. Akainyoosha. Akatembea mpaka mbele ya Soyekwo, wakawa kifua kwa kifua.

"Mwanangu," akasema, "leo nimekuambia toka, ukatoka?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nikakuambia rudi, ukarudi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa nakuambia sema kweli."

 Juu yetu watu walikuwa wanakanyaga ngazi za jukwaa, wanashuka kwenda kuangalia utoaji wa nishani. Kijana alifuta uso kwa kiganja. Akasimama wima kama askari.

"Ulinitoa wewe, Mzee."

Mama Neema akaandika. Akasema nafasi ya pili ni yake. Hakuweza kumpa ya kwanza, hakuna kanuni inayorudisha hiyo, na Kibor alishinda kwa haki. Nilikuja kusikia kwa Baba Akinyi kwamba Kibor mwenyewe, alipomwona mwenzake ameketi kwenye majani, alidhani amekufa, na alikimbia mizunguko ile akimwomba Mungu.

Nje kipaza sauti kikaanza kumwita Soyekwo jukwaa la washindi. Kikamwita tena. Yule wa suti akamwambia nenda, unaitwa. Kijana hakusogea. Mama Neema akamwambia umeshamaliza hapa, nenda. Hakusogea. Kikamwita mara ya tatu. Alikuwa anamtazama Afande.

Afande akampa njumu yake. "Nenda," akasema.

Ndipo akaenda.

Afande aliacha bendera juu ya meza ya Mama Neema na hakuja uwanjani tena. Nikimtembelea Kawempe tunazungumza mvua na bei ya samaki. Kona yake nilipewa mimi, nikakaa nayo mpaka mwezi uliopita. Sikumtoa mtu. Wa mwisho nilimwacha akimbie, hata wakimcheka, na nyinyi mtakaosimama pale mumwache. Wabishi hawakunipa shida, walinipita kama wale wa visiwani wakaenda zao. Nilikuwa nikiwatafuta wale wanaoamkia, ambao mkono wa mzee ukiinuka tu wanatoka. Nikimwona mmoja anakuja na mbio nzuri, mikono yangu yote miwili naiweka nyuma, naishikanisha, mpaka apite.